Chupa Niliyoificha Kwapani

Sikilizeni wanangu, na wewe Wahu, mke wa Norman, zima redio usogee, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Mimi Ndungu baba yenu ningali na akili timamu. Nyumba hii ya Mountain View ni ya mama yenu Mwihaki mpaka atakaponifuata. Duka la Kangemi, Norman na Nyawira, kodi yake mgawane nusu kwa nusu, na asiitwe wakili. Hayo yameisha. Nimewakalisha hapa kwa jambo jingine.

Norman, miaka miwili hujala meza moja na dada yako. Unasema alizembea kazini, ugonjwa wangu ukapata nafasi. Leo utanisikia mimi.

Mnakumbuka ile dawa ya majaribio waliyokuwa wakiishughulikia Nyawira na wenzake maabarani. Alinieleza hapo jikoni: ikiwa baridi ni maji, lakini ikidungwa mwilini inapata joto letu na kuganda kama uji uliolala, inaishika miale ya kuua saratani palepale kwenye uvimbe wangu wa shingo isiende kuchoma kwingine, na kazi ikiisha inayeyuka yenyewe polepole, mwili unaitoa. "Baba, hakuna kitakachobaki," akaniambia. Nikamcheka, nikasema hata mtoza kodi huacha risiti.

Siku ya sindano chupa ililetwa katika kisanduku cha barafu, kabla haijatiwa hiyo miale, ikawekwa kando ya kitanda changu, kisha Nyawira akaitwa nje kusaini karatasi. Sasa mimi ni mtu wa duka. Miaka thelathini nimeuliza watu, "Soda baridi ama moto?" na sijawahi kumfungulia mzee soda baridi, kwa sababu baridi humwingia kifuani. Nilipofungua kisanduku nikaona chupa inatoa jasho, niliogopa, mzee mzima na mvi zangu, niliogopa ubaridi ule shingoni mwangu. Nikaichukua nikaificha kwapani, chini ya blanketi, ipate joto kidogo tu. Nyawira aliporudi ilikuwa imeganda, na kwa kanuni zao chupa iliyopashwa moto haitumiki tena. Nyingine ilichukua miezi mitatu kufika kutoka ng'ambo.

Yeye ndiye aliyeitoa kwapani mwangu, daktari hajaingia bado. Alinitazama, akanifunika vizuri, na daktari alipoingia akasema, "Ni mimi, niliacha kisanduku wazi." Wakamwondoa kwenye kazi ile aliyoipenda. Nami nikanyamaza kwa aibu, siku ile na kila siku ulipomtukana mbele yangu, Norman. Hasira yako ilikuwa ya kunipenda, najua, lakini ilistahili kuniangukia mimi, si yeye. Nisamehe, Nyawira. Usilie, mama, wewe uliyebeba jina la mama yangu; ningali naongea.

Msidhani naondoka na uchungu. Chupa ya pili ilifanya kazi, uvimbe ukanywea, nikala mukimo kwenye arusi yako, Norman, nikampakata binti yako, Mwihaki mdogo. Sasa ugonjwa umeshuka mapafuni, basi na uwe huko. Nimeshiba siku zangu. Mnizike Limuru kando ya baba yangu, na hotuba ziwe fupi, watu wasinyeshewe.

Ngojeni... nivute pumzi.

Rafiki yangu Kitonga wa Muthangari alichomwa shingo kwa miale ya ile mashine kubwa. Alipona, lakini kinywa kilikauka kabisa. Siku yake ilipofika alitaka kuwabariki wanawe kwa mate, kama sisi wazee tunavyofanya, akakosa hata tone. Nilikuwepo. Nilimwona akihangaika na ulimi wake mpaka nikatazama kando.

Mimi mate ninayo. Dawa ya mtoto huyu ilikaa mahali pake.

Leteni mikono. Hapana, si mmoja mmoja. Norman, shika mkono wa dada yako kwanza... hivyo. Usiuachilie. Muwe na amani, nyumba zenu zijae, msiitane majina mabaya tena... Inameni, siwafikii. Mate haya, Norman... ni yeye aliyeniachia.