Pasipoti ya Binti Yangu

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha huku ugenini, mmeniita mbele, nimekuja. Mwenyekiti amesema tusitaje majina. Nashukuru, lakini mwenye aibu katika habari hii ni mimi.

Mnanijua, dereva wa kampuni, na binti yangu wa mwisho kakulia hapa hapa mtaani Rashidiya. Alipokuwa anamaliza shule aliomba chuo kimoja cha nje ambako shahada ya kwanza na udaktari wa tiba vimeunganishwa. Ukiingia umeingia, huombi tena katikati. Ila kuna mtihani wa kujiunga. Usipoufanya, hata fomu zako hazisomwi. Na mlangoni wanataka pasipoti yenyewe, nakala hawaitaki.

Sasa sikieni kosa langu. Ofisi ya kampuni ilitaka pasipoti yangu. Mimi nikapeleka yangu na yake. Hakuna aliyeniomba ya mtoto! Ni mazoea tu: ukisikia pasipoti, unakusanya zote, unakabidhi, unasema shukran. Chekeni, wengine wenu mmefanya hivyo hivyo.

Wiki mbili kabla ya mtihani akaniuliza, "Baba, pasipoti yangu iko wapi?"

"Ipo salama."

Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa kama mtoto. Tumesikia sote wanavyosema kule kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah: ukiidai pasipoti, arbab, yaani tajiri wako, anajua unataka kutoroka, viza inafutwa. Na yangu ikifutwa, ya binti inakwenda nayo. Kila siku nilifika kwenye lango la ofisi, nikageuza gari. Simu ikilia, nashtuka.

Nakiri mbele yenu, nilifika mahali pa kumwambia, "Mwanangu, kwani lazima mwaka huu?"

Akafunga kitabu. "Baba, hii ndiyo tarehe ya mwisho. Umeipoteza?"

"Hapana."

"Basi nionyeshe."

Nikatoka nje.

Siku mbili kabla ya mtihani, dada mmoja Mkenya, mlinzi wa lile lango, akagonga kioo cha gari. Yumo humu, ananiangalia. "Mzee, kila siku unakuja unageuza. Unanipima kama nimelala?"

Nikamweleza yote.

"Ai! Na ya msichana wameishikia nini? Shuka. Twende uitishe."

Akanisindikiza hadi mlangoni. Nikasalimu, nikaomba pasipoti ya binti. Karani, Mzanzibari, akavuta droo. "Mzee wangu, hii ya mwanao nani kakuomba? Siku zote hizi nakungoja uje uichukue. Tia saini hapa. Yalla, khalas, yamekwisha."

Saini moja! Wiki mbili za kutetemeka, na pasipoti imelala kwenye droo inanisubiri.

Nilimkabidhi binti kwa mikono miwili, nikamwambia ukweli wote. Hakucheka. Alisema, "Baba, ungeniambia siku ile ile." Neno hilo bado linaniuma. Mtihani aliufanya, akapata nafasi, sasa yuko mwaka wa tatu.

Dada yangu wa langoni, asante. Karani, popote alipo, asante. Nanyi wazazi wenzangu, msimfiche mtoto jambo lake kwa sababu ninyi mnaogopa. Mimi kidogo nimzibie njia mwanangu kwa woga wangu, si kwa ubaya wa mtu mwingine.

Pasipoti sasa anaitunza mwenyewe. Akija likizo, nikimwomba niione, huniuliza kwanza, "Ya nini, Baba?" Nami namjibu.