Elisaria Mfinanga na Waliokatwa Pembeni

Baba yetu mpendwa, Elisaria Mfinanga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Gonja, wilayani Same, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Elinihaki na Bi Namsifu. Bibi alisimulia kwamba tangu utotoni hakulala bila kurudi kuona kama mlango wa zizi umefungwa. Wasiwasi huo alikuja nao mjini, na mimi Nakiete, bintiye ninayesoma wasifu huu, nimeurithi.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kwa mjomba wake, Magomeni, akajifunza ufundi wa redio Kariakoo kwa Mzee Mansukhlal, aliyempa jina la Bwana Hakikisha. Kanda za video zilipoingia akahamia huko, na hatimaye akawa fundi wa kuandaa filamu za kuuzwa kwa msambazaji mmoja wa Mtaa wa Mchikichi.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na mama yetu, Ndeshukurwa. Mama alikuwa mcheshi, haogopi kamera wala mtu. Mwaka 2008 filamu moja ilipigwa Mnazi Mmoja, akaombwa apite nyuma ya waigizaji na sinia la maandazi kichwani. Alirudi akiutangazia mtaa mzima kwamba sasa yeye ni nyota.

Filamu ile ilipigwa kwa picha pana, na majumbani tulikuwa na TV za chogo, zenye kioo cha karibu mraba. Picha pana ikiwekwa humo nzima, inabaki mistari myeusi juu na chini, na wateja walikuwa wanarudisha DVD wakidai ni mbovu. Msambazaji akaagiza pembeni pakatwe ili kioo kijae. Baba alibisha, kisha akakata. Hakuangalia nani alikuwa huko pembeni.

Filamu ilipotoka, mama aliwaita majirani waje kumwona. Kipande chake kilipofika, kikapita kiwiko kimoja kilichoinuliwa, basi.

"Mbona hatukuoni, Mama Elibariki?" jirani yetu Bi Siti akauliza.

"Huyo mwenye kiwiko ndiye mimi," mama akajibu, akicheka mpaka machozi. "Muulizeni mume wangu, si ndiye fundi."

Baba hakucheka. Mama alifariki tarehe 2 Juni 2011, na hatukuwa na video yake nyingine yoyote. TV za flati zilipoingia, filamu ikatolewa upya. Safari hii, ili kioo kipana kijae, nakala ile ile iliyokwisha kukatwa pembeni ikakatwa juu na chini, na kiwiko nacho kikapotea. Hapo baba akaanza kuitafuta kanda ya kwanza, ile nzima, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Aliogopa joto, aliogopa kuvu. Alinipigia simu kazini: "Nakiete, nasikia kanda za zamani wanazifuta wanarekodia mpira. Sasa tutafanyaje?"

Mwaka 2022 aliipata Kigamboni, kwa Bwana Uwesu, mpiga picha wa filamu ile. Kwenye pantoni alikataa kukaa. Alisimama mpaka Magogoni, kanda kaikumbatia ndani ya koti. Ilipohamishiwa kwenye flashi tuliitazama nyumbani, na mama alikuwepo, ukingoni kabisa kushoto, anapita na sinia lake, anacheka. Baba aliirudisha nyuma tena na tena.

Mwezi Februari 2025 alipatwa na kiharusi, akawa haoni upande wa kushoto. Alikula nusu ya sahani akidai wali umekwisha. Siku moja tukamwekea filamu, na kipande cha mama kilipofika akaanza kulalamika.

"Wamemkata tena."

"Hajakatwa, baba. Yupo kushoto."

"Usinidanganye, mwanangu."

Nilimshika mashavu, nikamgeuza uso taratibu upande wa kushoto. Akasema, "Huyo hapo. Nishikilie hivyo hivyo." Nilimshikilia mpaka kipande kikaisha. Ikawa ndiyo kazi yangu kila jioni, maana akiurudisha uso, hofu nayo ilirudi.

Alifariki usingizini nyumbani Magomeni, alfajiri ya tarehe 19 Oktoba 2025. Sikuwepo kumshika, na hilo linaniuma sana.

Ameacha watoto watatu, Elibariki, Nakiete na Anaeli, wajukuu watano, na dada yake, shangazi yetu Namkunda. Kama kuna niliyemwacha, tafadhali asimame ajitaje, kwa sababu baba asingekubali mtu aachwe nje.

Hapa makaburini Kinondoni, kaburi la mama liko kushoto kwake. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, tuliomba uso wake ugeuzwe kidogo upande huo. Nilirudi kuhakikisha.

Hajakatwa, baba. Pumzika.