Mama Arlette, Ufagio Mukono Moja, Saikolojia Mukono Ingine

Ndiyo, ni yeye kabisa. Ule mama kwenye foto, mwenye uniforme ya jupe ya bleu na chemise nyeupe, ufagio mukononi, ni mwanafunzi wa sixième pédagogique, darasa ya mwisho ya benye banasomea ualimu. Tena ni mufanyakazi wa hii shule yetu. Mama Arlette Wabiwa amefagia madarasa ya hapa Baraka miaka makumi mbili na saba, na tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba anaingia pensheni. We uliuliza kama ni binti yake njo anasoma. Hapana. Ni yeye mwenyewe.

Zamani, kule Nundu, aliishia cinquième. Baba yake alikufa, badogo zake bakabaki na njaa, akashika jembe. Kisha akakuja huku, akashika ufagio. Katika hii miaka yote tulikimbia vita mara tatu. Siye balimu tulibeba magodoro na masufuria, yeye alibeba funguo za madarasa. Tulimucheka sana. Lakini kila mara tuliporudia, yeye njo alitufungulia.

Mwaka jana akaingia kwa préfet, mukubwa wetu wa shule, akaomba nafasi mu sixième. Mukubwa akamuuliza mujukuu anaitwa nani.

Tangu siku ile alipokubaliwa, saa kumi na mbili ya asubuhi anafagia, saa moja anavaa uniforme nyuma ya depo, kengele ikilia amekaa banc ya mbele. Kitu moja tu ilimushinda: akiona karatasi chini, anasimama katikati ya somo anaiokota. Mwalimu Norbert wa saikolojia akamuambia, "Mama, saa hii uko mwanafunzi." Akamujibu, "Karatasi haijui, mwalimu."

Pole kwa Norbert. Siku anafundisha namna mutoto anaogopa kuachana na mama yake, Mama Arlette akainua mukono, akatoa mufano ya mutoto mumoja wa zamani wa première primaire, darasa ya kwanza, hapa hapa kwetu, mwenye alishikilia ufagio yake wiki muzima akilia. Hakutaja jina. Lakini mwalimu aligeukia ubao, na bote bakajua ile mutoto ni nani.

Kisha ikakuja kazi ya kuandika mu cahier, daftari: chagua mutoto mumoja, umuangalie wiki tatu, uandike tabia yake. Bengine balichagua badogo zao. Mama Arlette akachagua préfet. Aliandika kwamba mukubwa anagombeza batu mupaka saa ine, akikula mandazi anasamehe bote. Norbert akamupelekea mukubwa ile cahier. Mukubwa akaisoma, akakohoa, akatia sinyatire, sahihi yake. Tangu pale hakuna mwenye anaomba ruhusa kabla mukubwa hajakula mandazi. Ile njo saikolojia yenye imetusaidia.

Sasa, tusicheke tu. Kule Nundu kuna shule ya batoto badogo, bamemuambia: lete diplôme, tutakupa darasa. Examen d'État, mutihani ya serikali, ameisha kufanya. Matokeo bado. Kila telefone ikilia hapa shuleni, anaacha kufagia.

Munajua desturi yetu: matokeo ikitoka, benye bamepita banamwangiwa poda, uwanja yote inakuwa nyeupe kama unga ya muhogo. Na kesho yake, miaka makumi mbili na saba, nani alifagia? Yeye. Anauliza majina ya benye bamepita, mumoja mumoja, anafagia. Mwaka moja nilimukuta peke yake pale, na alama ya poda kwa paji ya uso. Alijipaka mwenyewe.

Aksanti, Mama, kwa kila asubuhi tulikuta banc safi. Mungu akupe miguu ya nguvu na batoto benye banasikia. Ukienda, rudisha funguo, tafadhali.

Na we mwenye unasoma hii karatasi, tusikilizane. Poda nitaleta mimi, kartoni nzima. Pikipiki ya ndugu yangu Dany iko tayari, tutamuzungusha Mama kuanzia ziwani mupaka sokoni. Matokeo ikimukatala, poda inangoja mwaka kesho, naye anarudia banc ya mbele. Ikimukubali, mi namumwangia. We, sikuombi franka. Leta tu ufagio ya kwako, maana ile siku yeye hagusi ufagio.