Mzee Derdidas na Kiswahili Kilichompotea

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwaandaa walimu wa Kijerumani katika chuo kikuu chetu, Mzee Derdidas anastaafu. Alitutangazia mwenyewe mwishoni mwa kikao cha idara, tukiwa tumeshasimama, kwa sauti ya mtu anayekumbusha madirisha yafungwe. Mkuu wa idara alijikuta amekaa tena. Umri wake tulikuwa tunaujua, lakini mtu huyu tulimzoea kama ukuta wa jengo, na nani huuliza ukuta utastaafu lini?

Jina alipewa na wanafunzi kwa ajili ya der, die na das, vile vijineno vitatu vinavyotangulia nomino katika Kijerumani. Ukikosea kimoja mbele yake ulibaki umesimama mpaka ukipate. Waliolalamika kwamba havina mantiki aliwajibu kuwa mtu aliyezaliwa na ngeli tele kinywani hana haki ya kulilia tatu.

Mwenyewe aliingia fani hii kwa mshtuko. Aliomba uhandisi, kwenye ubao wa matangazo jina lake likatokea chini ya Ualimu wa Kijerumani. Alidhani ni la mtu mwingine. Baba yake, mchomeleaji wa mageti, alizima mashine, akavua miwani, akauliza, "Kwani Wajerumani hawana walimu wao?" Alikwenda hivyo hivyo, akinuia kuhama muhula wa pili. Anasimulia kwamba siku moja alikutana na sentensi ndefu ambayo kitenzi chake kilikaa mwisho kabisa. Alikisubiri kama mshtakiwa anavyosubiri hukumu, na kilipofika, habari ya kuhama ikaisha.

Maabara ya lugha tunayoringia leo ilikuwa stoo ya viti vibovu mpaka alipoipigania. Utaratibu wa kila mwanafunzi wetu kufundisha shuleni kabla ya kuhitimu ni wake pia. Na ni utaratibu huo uliomkutanisha na jambo ambalo mpaka leo likitajwa ofisini, watu huweka vikombe chini.

Miaka tisa iliyopita alikuwa amekaa nyuma ya darasa la sekondari, akimkagua binti wa mwaka wa tatu. Binti huyo alikwisha kuwaambia wenzake wa bwenini kwamba hilo ndilo somo lake la mwisho. Anaacha Kijerumani, na sababu ni mzee aliyekaa nyuma. Katikati ya somo Mzee akasimama, akafungua kinywa, yakatoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Binti alifikiri anajaribiwa. Kisha kalamu ikamdondoka Mzee, mkono ukalegea, naye akafuata chini.

Kilikuwa kiharusi. Siku kadhaa hakutamka neno. Alipoanza kutamka, mkewe alitoka wodini mbio kumtafuta muuguzi: mume wake anazungumza, lakini yeye mkewe haelewi anachosema. Muuguzi naye hakuelewa. Daktari alisema mambo ya namna hiyo amewahi kuyasoma, kuyaona bado. Mtu aliyezaliwa, akalelewa na kuoa kwa Kiswahili alikuwa amebakiwa na Kijerumani peke yake. Na mama wa watu, katika ndoa yao yote, hakuwahi kufundishwa hata salamu. Mzee alikuwa akisema kazi ibaki kazini.

Simu ikapigwa idarani. Sisi tulikuwa tunasimamia mitihani; aliyepatikana ni yule binti. Alisimama kando ya kitanda, akamsalimu mwalimu wake kwa Kijerumani, akamuuliza hali ya mkono. Mzee akatamka neno moja.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema 'die'. Nimekosea kijineno cha mkono."

Mama akavuta kiti, akakaa. "Basi ni yeye," akasema.

Kisha akamwinamia mumewe. "Unanijua mimi ni nani?"

Mzee alijibu kwa maneno mengi, polepole. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akatafsiri.

"Anasema anakujua, mama. Kila unachosema anakielewa, ila akitaka kukujibu, Kiswahili hakioni kilipo. Anakuomba usiondoke."

Mama aliushika ule mkono uliolegea. "Basi sema hivyo hivyo," akamwambia. "Nitazoea."

Kiswahili kilirudi kwa kusuasua, tena kilirudi bila ngeli. Mzee Derdidas, yeye wa kusimamisha watu, alisema "kikombe yangu" na "maji imemwagika". Wanafunzi walipeana zamu kando ya kitanda, wakamsahihisha bila huruma hata kidogo, naye alilirudia kila neno mpaka likanyooka. Kuna siku walicheka wodi nzima, na Mzee akacheka kuliko wote. Yule binti hakukosa zamu. Kijerumani hakukiacha, leo ni mwenzetu idarani, na ndiye anayeyapokea madarasa ya Mzee.

Alirejea kazini mwaka uliofuata, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Ukali alirudi nao, lakini aliyekosea sasa alipewa kiti kwanza, ndipo akasahihishwa. Na wanafunzi wapya wanaouliza Kijerumani kitawafaa nini, hawapi tena hotuba ya ajira. Huwaambia hajui kitawafaa nini wao. Yeye kilimfaa kumwomba mkewe asiondoke.

Mwalimu, umetuachia walimu katika shule nyingi kuliko tunavyoweza kuzitembelea, nasi tunakushukuru kwa kila mmoja wao. Mama, asante kwa kutuazima mumeo; tunakurudishia akiwa amechakaa kidogo, ila akili timamu. Tunawatakia asubuhi ndefu zisizo na kengele, afya isiyotetereka, na mazungumzo yasiyokatika, kwa lugha yoyote itakayowahi kufika mdomoni.