Ngazi Isiyogusa Nyumba

Sikilizeni wanangu, na wewe Oronzo acha kuchungulia dirishani, huyo mnunuzi wako wa Milano akingoja uani hafi. Anayekufa ni mimi. Nimemwamuru mchungaji wa kondoo na mkewe walivute daraja juu, kwa hiyo hapandi mtu wala hashuki mtu mpaka nimalize.

Nyumba hii ilijengwa na watu wenye hofu na akili. Maharamia walipotoka baharini, wazee wetu waliwaingiza kondoo zizini, wakapanda ngazi ya mawe, wakavuka daraja la mbao hadi mlangoni, wakalivuta, na adui akabaki juu ya ngazi isiyogusa nyumba, mbele yake hewa tupu, na juu ya kichwa chake lile tundu la ukutani la kumwagia maji ya moto. Mimi mwenyewe nililitumia, wakati wa vita, askari walipokuja kuchukua ngano yetu: nilikuwa bibi harusi, nikawamwagia sufuria nzima ya dengu zinazochemka, na baba yenu akalala na njaa huku akicheka.

Leo Oronzo unaniambia, "Mama, tujaze saruji hapo kati ya ngazi na nyumba, wageni wa hoteli ya mnunuzi wataanguka." Na waanguke! Watu waje kuogelea na chupi katika zizi la kondoo wangu? Kinu cha zeituni kilichochongwa ndani ya mwamba, ambamo babu yenu alipofuka kwa moshi wa taa, kiwe baa? Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Huyo bwana atachoka na jua letu, aondoke, na saruji yake ibaki.

Na wewe Pompilia, usitabasamu. Tangu tumzike baba yenu hujamsemesha kaka yako, kisa bunduki ya marehemu, ambayo hata haifyatuki! Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mimi nimelima peke yangu vya kutosha.

Basi hukumu yangu ni hii, mwanasheria ameshaiandika na padre ameshuhudia. Mnara, vyumba vya juu, kinu na banda la njiwa ni vya Oronzo. Ngazi, zizi, kanisa dogo na uwanja wote ni vya Pompilia. Uza, Oronzo, uza hata kesho. Mnunuzi wako ataingia kwa kuruka kama njiwa. Nawe Pompilia, mtafute mwendawazimu wa kununua ngazi isiyofika popote. Nung'unikeni! Nimekaa na manung'uniko yenu miaka mingi, hayajaniua hayo.

Nipe maji... Jeneza langu lisiteremshwe dirishani kwa kamba kama gunia. Nitoke mlangoni, juu ya daraja, nilivyoingia. Mungu awape shibe, awape wajukuu wakaidi, awape... awape kupendana, ingawa mimi sikujua kuwafundisha.

Mchungaji, achia mnyororo wako wa daraja. Na mkeo pia aachie wake. Daraja sikumpa mtu, ni la wote wawili, na mmoja peke yake haliwezi, mimi nililijaribu nilipofiwa.

Oronzo, shika mnyororo wa kulia. Pompilia, wa kushoto. Sasa shusheni... pamoja. Pamoja, nimesema! La sivyo... nitaozea humu ndani... na ninyi humuhumu.