Mwamba Uliozama Mbele ya Msambweni

Benchi letu liko Msambweni, nje ya karakana ya Kheri, fundi wa pampu tunayemwita Injinia. Baada ya sala ya alasiri tunakuwa wanne: yeye, Mwinga aliyepewa jina la Bunge kwa kusema sana, mimi, na Chirau. Chirau jina lake la hapa benchini ni Sampuli. Miaka kadhaa iliyopita alifanya kazi kwenye meli iliyochimba kisima cha mafuta mbali baharini. Alikuwa akiosha vipande vya mwamba vilivyotolewa chini, akivitia mifukoni kwa ajili ya wataalamu. Jana redio ilisema huenda watafutaji wakarudi, basi Swabir, muuza kahawa wetu, hajamaliza kumimina, mzozo umeshaanza.

— Mafuta waliyapata, akasema Bunge. Wamefunika kwa saruji, wanangoja sisi tufe kwanza.

— Saruji wapi! Wameunga bomba chini kwa chini mpaka Uarabuni, akadakia Injinia. Unadhani pweza wanakimbia nini?

— Bomba la kutoka hapa mpaka Uarabuni? Bunge akauliza.

— Mwarabu atashindwa na bomba, yakhe?

— Hakuna bomba, Chirau akasema taratibu. Kule chini kuna mwamba wa matumbawe, kama huu tunaokata mawe ya kujengea, ila wa kale mno. Uliota kwenye maji mafupi, jua likiupiga. Kisha chini kukadidimia, mwamba ukazama, matope yakaufunika. Una vitundu, na mafuta yakipanda hujikusanya humo. Sisi tulikuta gesi na mafuta kidogo tu. Wakaziba, wakaenda zao.

— Wewe walikulisha yamini usiseme, Bunge akasema.

Hapo ndipo alipofika Maimuna, muuguzi mgeni, kuchukua pampu ya zahanati aliyoileta kutengenezwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akasimama akimsikiliza Chirau, kisha akauliza:

— Ulikaa siku nyingi huko, baba. Uliporudi, nyumbani walikupokeaje?

Bunge akatazama viatu vyake. Mke wa Chirau alifariki siku ya ishirini ya safari ile. Habari ilifika melini, lakini upepo ulizuia helikopta kwa siku tatu. Chirau alikuta kaburi limeshakauka. Tangu hapo hukaa nasi mpaka adhana ya magharibi, na sisi, wallahi, tunazua mabomba ili asipate sababu ya kuinuka mapema. Swali hilo hatukuwahi kumwuliza.

— Hapakuwa na mtu, mwanangu, Chirau akasema. Mke wangu alizikwa nikiwa kule, naosha mawe.

— Pole sana, baba. Aliitwa nani?

— Mwanarusi.

Miaka yote hiyo hatukuwa tumemsikia akilitamka jina hilo. Maimuna akavuta ndoo, akaketi. Chirau akaanza kumweleza mkewe alivyokuwa akicheka, alivyokuwa akimsubiri na chai.

Swabir akainamisha dele. Kahawa ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeinuka.