Kazi ya Egbert Lindo Angani

Tangu Egbert Lindo azikwe, benchi la nje ya duka la Miss Vie pale Buff Bay lilikuwa limepooza. Asubuhi hiyo waliobaki, wazee watatu, walikuja na mashati ya kanisani, kwani binti mmoja alikuwa njiani kutoka Kingston kuchukua habari za Wajamaika waliokwenda kupigana angani kwenye vita vya Mwingereza. Kitabu chake kilikuwa kinafungwa Ijumaa. Asiyeingia, basi tena. Miss Vie alimimina kahawa. Alvaranga, seremala aliyelichonga jeneza la Egbert, hakuigusa ya kwake.

— Egbert alikuwa rubani, alianza Shemasi, ambaye ushemasi wake uliishia kwenye jina. Kaangusha ndege nne za Mjerumani.

— Nne? Domo, mzee mwenzake, akaguna. We naye! Kumi na moja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni methali ya akiba, bwana.

— Kwani yeye si alikuwa anaziweka akiba?

— Haya, basi sikia. Ndege yake ilikatika mkia huko juu, akairudisha kwa kuegemea upande mmoja.

— Mkia tu? Na bawa moja! Mpaka jenerali wa Kijerumani akamwandikia barua, kumbembeleza apumzike walau Jumapili.

— Akapumzika?

— Mcha Mungu yule! Mwenda pole hajikwai.

Alvaranga alipiga meza, kahawa ikamwagika.

— Hebu nyamazeni! Mtu hana hata wiki tatu kaburini, mshamgeuza kichekesho. Ukweli wote ulikuwa kwenye daftari lake, safari moja moja, kwa mkono wake mwenyewe.

— Liko wapi sasa? Domo akauliza.

— Unajua lilipo. Si ulikuwa umeshika mfuniko wa jeneza?

Domo akainamisha kichwa. Kwa mila za pale, kitu alichokipenda marehemu hakibaki nyumbani, mzuka wake usije ukarudi kukifuata. Kwa hiyo Alvaranga alililaza daftari lile chini ya mto wa Egbert, pamoja na kofia na nishani, akapiga misumari. Hakufunua hata ukurasa mmoja, maana kupekua vitu vya maiti ni kujitafutia laana. Sasa roho ilikuwa inamuuma, maana rafiki yake alikuwa anakwenda kupotea mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake yeye.

— Tukalifukue, Domo akanong'ona.

— Thubutu! Miss Vie akafoka kutoka dirishani. Wanaume wazima hamna haya?

Binti akafika, jina lake Nadine. Shemasi na Domo wakamwaga yote, mkia, bawa na jenerali. Aliwasikiliza kwa adabu, kalamu imetulia. Alvaranga akamweleza habari ya daftari.

— Usijali, mzee wangu. Mstari mmoja unanitosha. Ndege zile za mabomu zilibeba watu saba saba. Yeye alikuwa na kazi gani?

— Rubani, Shemasi akasema.

— Marubani wetu ninao wote, babu. Yeye hayumo. Kulikuwa na wa ramani, wa redio, wa mabomu, wa bunduki…

Shemasi akamtazama Domo. Domo akatazama kikombe chake.

— Miaka arobaini mmekaa naye hapa, Nadine akasema polepole. Hakuwahi kusimulia?

Alvaranga akajikuta anajibu.

— Alikuwa anaanza. Hasa siku za mvua. "Usiku mmoja tulipokuwa tunavuka bahari…" Na mimi nagonga kete ya domino mezani: Cheza, Egbert, zamu yako!

— Naye?

— Anacheza.

Nadine akaandika jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Kisha akamuuliza Miss Vie njia ya kwenda Hope Bay, kwani huko, alisema, kuna mmoja wa wale waliopigana angani ambaye bado yu hai.